Perege wa Bwawa la Chini

Siku ya kwanza kazini nilifika nimelowa mpaka kiunoni. Kutoka kwetu Kaole hadi bondeni Ruvu njia ilikuwa imeliwa na maji, nikavua viatu, nikavibeba kichwani pamoja na shashi yangu, kitambaa chepesi cha kuvulia, nikaja hivyo hivyo kama bata. Nikamkuta mwanamume mfupi wa kaptula ya kaki amesimama ukingoni mwa bwawa, anayatazama maji kama mtu anayesikiliza redio. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, lakini hakugeuka.

"Sema polepole, mama," akaniambia. "Kuna mzazi hapa."

Nikatazama huku na huku nitafute kibanda chenye mwanamke wa uchungu. Hamna kibanda. Kuna miti ya mivumo, kuna ukungu umelala juu ya maji, kuna korongo mmoja kasimama mguu mmoja kama askari aliyesahauliwa zamu. Yule bwana akanyoosha kidole majini. Nikachungulia, nikamwona samaki, katulia, mashavu yamemvimba kama mtu aliyeficha kashata mdomoni asimgawie mwenzake. Huyo ndiye mzazi.

Ndivyo nilivyoingia kazini. Nyie wa leo mkisikia kazi mnafikiri meza na feni. Kazi yangu mimi ilikuwa maji ya kiunoni, na mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Bwana Samaki. Hilo si jina la kejeli, ndicho cheo. Kama kulivyokuwa na bwana shamba wa mazao na bwana afya wa vyoo, basi na samaki nao walikuwa na bwana wao. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na yeye alikuwa kijana wa shule kubwa, kapelekwa bondeni Ruvu kuwarudisha samaki waliokuwa wanakwisha.

Akaniuliza kama ni mimi ninayejua kutanda. Nikamwambia nimetanda tangu sijaota meno ya pili. Kutanda ni uvuvi wa wanawake wa pwani: wawili mnashika kitambaa, huyu ncha hizi na yule ncha zile, mnakwenda nacho majini kwenye maji mafupi, mnainua, mnapata uduvi. Bwana Samaki alihitaji watu hao kwa sababu nyavu za wanaume zilikuwa na matundu ya kupita vifaranga vya samaki kama mlango wa msikiti siku ya Ijumaa. Shashi haipitishi kitu. Kama nimesoma, hakuniuliza, nami sikumsumbua na jambo ambalo halikuulizwa.

Alichouliza ni kabila. Nikasema Mzaramo. Akageuka sasa, mara ya kwanza, akanitazama toka viatu vya kichwani hadi miguu ya matope.

"Ala," akasema. "Basi nimeajiri mwizi."

"Na wewe, baba?"

"Mnyamwezi. Wa Tabora."

"Basi mimi nimeajiriwa na mpagazi," nikamwambia. "Teremsha mzigo, mtani, umefika pwani. Babu yako naye alifika hapa na pembe ya ndovu kichwani, akaiona bahari, akauliza nani kaimwagia chumvi."

Bi Zuhura, Mkwere wa Fukayosi niliyekuja kushika naye shashi miaka yote ile, alifunika uso kwa kanga, akidhani nafukuzwa kabla sijaanza. Lakini Bwana Samaki alicheka hadi yule korongo akaruka. Nyie watoto utani mnaujua wa kuchekana tu. Kwetu sisi ulikuwa ni sheria. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu safari za zamani za kwenda bara. Mtani akikutukana hukasiriki, akichukua kitu chako humdai, na ukifiwa yeye ndiye anayekuja kukuvuruga msibani mpaka ucheke. Anayekasirika mbele ya mtani ameaibika yeye na ukoo wake. Kwa hiyo mimi, kibarua wa matope, nilikuwa na ruhusa ambayo makarani wenye tai hawakuwa nayo.

Nilimwiga siku hiyo hiyo. Alikuwa na namna yake ya kusema, taratibu, anameza mate kati ya maneno, na "r" zake nyingine zilikuwa zimepotea njiani Morogoro. "Mama, pelege hashikwi hovyo." Nikisema hivyo mbele yake, naye ananirudishia na uimbaji wetu wa Kizaramo, mkono kiunoni, kichwa upande. Tukafanya kazi hivyo.

Sasa niwaeleze mahali penyewe. Mto Ruvu ukifika huku chini, karibu na bahari, unachoka. Masika yakija unatoka kitandani mwake, unatandaza maji bonde zima, kimya, bila kishindo. Mtu unalala jioni ardhi kavu, asubuhi unaona mbingu iko chini miguuni mwako. Maji yakirudi mtoni yanaacha nyuma mabwawa, hili hapa, lile pale. Samaki walioingia na mafuriko wanabaki humo, wanazaa, masika mengine yakija wanatoka na watoto wao kurudi mtoni. Bonde lilikuwa kama tumbo, na mto ndiyo dunia.

Samaki wetu alikuwa perege, perege wa Ruvu. Dume akitaka kuoa hujivika: mwili unakuwa mweusi, ukingo wa mkia mwekundu kama mtu aliyechovya hina. Anachimba sahani kwenye tope, anaifagia kwa mkia, anazunguka zunguka mpaka bibi arusi aje. Bibi anataga, halafu anayachukua mayai yote mdomoni. Humo humo yanaangua. Siku zote hizo hali kitu. Amefunga Ramadhani yake peke yake, mwezi anaujua mwenyewe. Watoto wakianza kuogelea wanatoka kucheza mbele ya uso wake, wingu dogo la vumbi lenye macho, na kivuli kikipita anafungua mdomo, wingu lote linaingia ndani.

Kazi yetu sisi ilikuwa kumtemesha. Tunawatafuta kinamama kwenye mabwawa yaliyo hatarini, tunawatanda kwa shashi. Unamshika mama kwa mikono miwili iliyolowa, maana mkono mkavu unamchubua utelezi wake. Unamwinamisha kichwa ndani ya beseni la maji, unamtikisa kidogo sana, kama unavyomwamsha mtoto aende chuoni, naye anatema. Watoto wanamwagika, wanang'aa. Kisha mama na watoto tunawabeba hadi Bwawa la Chini, lile lililo jirani na mto, tunawaachia pamoja. Lilikuwa bwawa refu, limejaa yungiyungi kando, na katikati maji meusi yenye kina. Huko ndiko Bwana Samaki alikokuwa anawakusanya, ili masika yakija mto uwachukue kutokea huko.

Naikumbuka ile miaka kama mtu anayekumbuka ndoto ya adhuhuri. Maji ya uvuguvugu kiunoni, kereng'ende juu, Bi Zuhura upande wa pili wa shashi anaimba ndani ya pua, viboko mbali wanacheka kama wazee barazani. Mara nyingine tulikuwa tunainua shashi tunasahau kuangalia kilichomo. Bwana Samaki anakohoa ukingoni, "Watani, mmelala au mnavua?" Tunamwambia tunalala, tukiamka tutamwambia.

Lakini perege alikuwa anakwisha kweli. Wavuvi wa Ruvu walikuwa wanainua migono, ile mitego ya fito ya kutega mtoni, wanakuta kambare na kambare tena. Sababu moja ilikuwa ukame uliopita, watu walikomba madimbwi hadi tope. Sababu ya pili alikuwa mgeni.

Mgeni huyo aliletwa zamani za Mwingereza. Wenyewe walimwita besi. Sisi tulimwita Mdomo, kwa kuwa nusu yake ni mdomo na nusu iliyobaki inausukuma mdomo uende mbele. Waliompenda walikuwa watu wa fimbo. Hawa walikuja Jumamosi na magari kutoka Dar es Salaam, Wazungu, Wahindi, baadaye na waheshimiwa wetu wenyewe, kila mtu na fimbo yake ya kuvulia yenye gurudumu, wake zao na miamvuli na vikapu vya mikate. Bwawa lao lilikuwa Bwawa la Juu, karibu na barabara. Wanavua kwa starehe, si kwa kitoweo.

Mwenyekiti wao alikuwa Mzungu mrefu mwekundu, mwenye kofia ya makuti ambayo mbuzi alishawahi kuionja. Kiswahili chake alifundishwa na mpishi. Siku ya kwanza kumwona anavua nilikaa chini kabisa. Alipigana na yule Mdomo hadi jasho likamtoka, akamtoa, akamwangalia usoni kwa mapenzi, akamrudisha majini.

Nikamwuliza kama samaki amemtukana.

"Hapana, mama," akasema. "Yeye napigana muzuri sana. Mimi nasema asante, yeye nakwenda nyumbani."

Bi Zuhura alisema hajawahi kuona mtu akienda vitani kwa ajili ya kuagana. Lakini yule Mzungu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akifika anatuamkia kwanza sisi, ndipo anawaamkia makarani. Na ukweli usemwe: leseni za watu wa fimbo ndizo zilizokuwa zikinunua mafuta ya gari letu, na mabeseni, na shashi yenyewe. Bila wao kusingekuwa na kibarua wala Bwana Samaki bondeni. Ndivyo alivyotuambia mwenyewe, amechuchumaa ukingoni, anachora kwa kijiti kwenye tope: hapa Mdomo anakaa, anatulipia, hapa perege anakaa, anapona. Ilimradi wasikutane. Mdomo akishafika Bwawa la Chini, atakaa mbele ya kinamama na kungoja wateme. Na masika yakija, mto utamchukua yeye, si wao. Alisema hivyo kisha akakifuta kile alichochora kwa kiganja, kama mtu anayefuta ndoto mbaya kabla haijasimuliwa.

Kiangazi kimoja Bwawa la Juu likapungua. Likabaki supu. Midomo wakaanza kuelea matumbo juu, na watu wa fimbo wakapeleka malalamiko Dar. Akaja Afisa Mkuu.

Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa Bwana Samaki. Mtu mnene, msafi, suti ya mikono mifupi, Mzaramo mwenzangu wa Kisarawe, mwenye sauti ya kuhutubia hata akiomba chumvi. Alitembea ukingoni akashika pua, akatembea hadi Bwawa la Chini akaona maji mengi meusi yamepoa chini ya mivumo, uso ukamfunguka. Akasema: "Ndugu zangu, maji haya yamekaa bure." Ichimbwe njia ya maji kutoka Bwawa la Juu hadi hili la Chini, katikati uwekwe mlango wa mbao, na Mdomo atapita mwenyewe kwa miguu yake. Njia hiyo atakuja kuifungua yeye Afisa Mkuu, siku atakayoalika wageni.

Bwana Samaki alimweleza. Nilikuwa majini pale, namsikia. Alimweleza vizuri, kwa adabu, toka mwanzo hadi mwisho, anameza mate yake. Afisa Mkuu hakubisha hata moja. Alisikiliza, akamwekea mkono begani, akasema kwa huruma ya kweli: "Kijana wangu, yote unayosema ni sawa. Lakini nimeshatoa neno kwa wale wa fimbo." Basi. Neno la mkubwa likishatoka, linarudije? Siwalaumu wakubwa. Hata mimi nikimwambia jirani nitampikia mkate wa kumimina, nitampikia hata kama unga umeingia mafuta ya taa.

Wakaja wachimbaji, wakachimba. Ile njia ikashuka toka juu, ikafika karibu na maji yetu, ukabaki ukuta wa udongo usiozidi upana wa kitanda. Hapo palitakiwa shimo la kusimamishia mlango wa mbao. Hilo shimo Bwana Samaki hakumwachia mtu. Alilichimba yeye, peke yake, kwa koleo, jua limesimama. Nikampelekea maji ya kunywa. Lilikuwa limemfika kifuani, kuta zimenyooka, udongo mbichi umelundikwa pembeni. Hakuna mtu aliyezaliwa asiyejua linafanana na nini.

Nikamwuliza, kwa upole, si kwa utani: "Shimo hili ni la nani, mtani?"

"Langu," akasema. "Nimelichimba mwenyewe."

Akanywa maji, akanirudishia kata, akanitazama. Kisha akatazama lile shimo, akanitazama tena mimi. Nikachukua kata yangu, nikarudi majini. Nyie mtauliza tulipanga? Hatukupanga. Lakini watu wawili wakitazama sufuria moja hawahitaji kuambiana kuwa ubwabwa umeiva.

Siku ya wageni magari yalijaa chini ya mivumo. Watu wa fimbo walikuja na fimbo zao mpya, Mwenyekiti na kofia yake iliyoliwa, waheshimiwa, wake zao, wazee wa kijiji, na sisi vibarua tumesimamishwa mstari tumepewa kanga za sare. Mlango wa mbao ulikuwa umelazwa kando ya shimo, ukingoja kusimamishwa, na Afisa Mkuu alishika jembe jipya lililofungwa utepe. Akahutubia. Akafika pale pa kusema "na sasa", akainua jembe ili akate ule ukuta wa udongo. Nami nikatoka kwenye mstari, nikapita mbele yake nimeinama kwa heshima, nikateremka shimoni, nikakaa.

Lazima niwaeleze, maana mambo haya yanapotea. Mtani wako akifiwa, kaburi likishachimbwa, kabla maiti hajashushwa, wewe mtani unaweza kuruka kaburini ukakaa. Unasema hii ni nyumba yako, umehamia. Wafiwa hawakutoi kwa nguvu. Watakubembeleza, watakuahidi hiki na hiki, utakataa, watu waliokuwa wanalia wanacheka, na ukiridhika ndipo unatoka. Haijapata kutokea mtani akatolewa kwa kuvutwa mkono. Hiyo ni laana.

Jembe la Afisa Mkuu likabaki hewani. Halafu Bwana Samaki akaja juu yangu, akapiga magoti ukingoni.

"Toka, mtani," akasema. "Wageni wanangoja."

"Nimeshahamia. Nyumba ndogo, lakini ina ubaridi."

"Nitakupa kuku."

"Kuku wa Mnyamwezi katoka Tabora kwa miguu. Nyama yote imebaki njiani."

Wa kwanza kucheka alikuwa nani? Afisa Mkuu. Alisahau suti, alisahau hotuba. Mzaramo ni Mzaramo hata umpe gari. Kumwona Mnyamwezi kabanwa mbele ya watu ni kama kumwonjesha halua. Alilegeza jembe, tumbo likawa linamtikisika.

"Doti ya kanga," akasema Bwana Samaki, sauti ya mfiwa kabisa.

"Hii moja inanitosha kulowa nayo."

"Mbane, dada," akasema Afisa Mkuu. "Anakudharau huyo. Kanga ndiyo nini? Omba kikubwa. Mimi mwenzio nimesimama hapa, na hutoki humo mpaka umeridhika."

Wazee wa kijiji wakaitikia, ndiyo, ndiyo, hatoki. Neno lilikuwa limetoka mara ya pili, na mara hii mbele ya watu wote.

Nikainua uso. Kutoka ndani ya shimo mbingu ilikuwa ndogo kama sahani, na pembeni mwa sahani kulikuwa na vichwa. Ubavuni mwangu, ng'ambo ya ule udongo, nilikuwa nayasikia maji ya Bwawa la Chini yanapumua.

"Kwa kuwa mkubwa wangu amenisimamia," nikasema, "nataka hilo bwawa. Lote, na waliomo."

Sasa ndipo cheko lilipokatika. Kisharifu, yule ndege wa buluu anayejitupa majini, alijitupa, na kila mtu alisikia. Niliuona uso wa Afisa Mkuu ukitembea, unatoka kwenye cheko unakwenda kwenye neno alilotoa Dar, unarudi kwenye neno alilotoa sasa hivi, haujui ukae wapi.

Bwana Samaki alisimama, akapangusa magoti, akamgeukia kwa unyenyekevu.

"Mzee, mimi nimefungwa," akasema. "Shimo ni langu, mtani ni wangu. Na msimamizi wake ni wewe."

Mwenyekiti wa fimbo alikuwa amevua kofia tangu nilipokaa. Aliliona shimo, aliwaona watu, akaelewa nusu. Akamwinamia Bi Zuhura, akanong'ona kwa sauti ya Kizungu, yaani wote tulisikia: "Nani nakufa?"

Bi Zuhura hakuwa msemaji. Miaka yote ile aliimba ndani ya pua. Siku hiyo akasema: "Bado hajafa. Ndiyo maana amekaa."

Yule Mzungu akayatazama maji. Pale kando, kwenye yungiyungi, kinamama walikuwa wamekuja juu, na mbele ya kila uso kuna wingu dogo. Alitazama muda mrefu. Ni mtu aliyejua kutazama maji, huwezi kumnyima hilo. Akarudisha kofia kichwani.

"Kama bado," akasema, "sisi nangoja. Fimbo hapana haraka."

Neno la kwanza alikuwa amepewa yeye, na yeye ndiye aliyelirudisha. Afisa Mkuu alishusha pumzi kama gunia lililofunguliwa. Akaanza kucheka upya, polepole, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine ya kutoka pale akiwa mzima, akalichomeka jembe kwenye udongo na kusema kwa sauti ya hotuba kwamba Wazaramo wamelichukua bwawa, na Mnyamwezi aandike barua kwao aseme ameibiwa. Watu wakapiga vigelegele. Bwana Samaki akanipa mkono kunitoa shimoni. Alinishika kama ninavyomshika perege, kwa kiganja kilicholowa.

Tusidanganyane, bwawa halikuokoka kwa kicheko peke yake. Kicheko kilifungua mlango, kazi ikaja baadaye. Ile njia ya maji ilizibwa, na Bwawa la Juu likachimbwa kina, watu wa fimbo wenyewe wakachangia vibarua. Kisha Bwana Samaki na Mwenyekiti wakakaa ukingoni, wakapatana. Kwenye Bwawa la Juu vueni mtakavyo, mrudishe samaki, mbusuane. Lakini madimbwi yote yaliyo upande wa mto, Mdomo akionekana humo, watu wa fimbo waje wamtoe, na harudi majini. Walilipenda hilo kuliko mchezo wao wa zamani. Walikuwa wanakuja wamenyamaza kama wawindaji, na kila waliyemtoa alikwenda kwenye vyungu vyetu. Kwa nazi, Mdomo ni mtamu. Nilimpikia Mwenyekiti, akala, akasema miaka yote hiyo amekuwa akiagana na chakula.

Masika yaliyofuata mto ulikuja kimya kama kawaida yake. Tulisimama kwenye kichuguu, mimi na Bi Zuhura na Bwana Samaki, tukatazama Bwawa la Chini likiinuka, yungiyungi zikijinyoosha, hadi bwawa likasahau kuwa bwawa. Hapakuwa na cha kufanya. Kinamama walikuwa wanatoka, chini ya maji ya rangi ya chai, hatuwaoni. Bwana Samaki alisema, "Nendeni," kwa sauti ya kumwambia mtoto anayeondoka nyumbani.

Hakukaa sana baada ya hapo. Uhamisho wake ulikuja, akapelekwa huko kwao bara kwenye maziwa. Wengine walisema ni adhabu ya lile shimo. Mwenyewe alisema wakubwa wamegundua pwani imemharibu. Tuliagana kwa matusi mengi mazuri. Sikumwona tena.

Mimi nilibaki na wakubwa wengine. Alikuja Bwana Samaki wa pili, mtu wa karatasi, alitembea na kalamu tatu na kuogopa ruba. Akanipeleka Miono, ng'ambo ya Mto Wami, kupandikiza vifaranga vya perege kwenye malambo, yale mabwawa ya kuchimbwa ya vijijini. Tuliwabeba kwenye madebe yaliyofunikwa kanga mbichi, garini, nawaimbia njiani. Dereva akauliza nawaimbia nini, nikamwambia dua ya safari, na yeye anaendesha kama mtu anayeihitaji. Miaka mingine nilikaa Fukayosi kwa kina Zuhura, nikiwafundisha wasichana kutanda na kutemesha. Walikuwa wanabana mno. Nikawa nawaambia, samaki si nguo ya kukamua.

Kazi nikaiacha pale miguu ilipoanza kukataa maji ya asubuhi. Hakukuwa na sherehe. Karani alinipa mkono, akaniambia bibi kapumzike. Nikarudi Kaole. Usiku wa kwanza kitandani nilihisi godoro linanibeba kama maji, na bado linanibeba hadi leo nikifumba macho mchana. Sijui kama ni uzee au ni ujira.

Nikiulizwa nilifanya nini duniani sina cha kuonyesha. Mjenzi anaonyesha nyumba. Bwawa la Chini lenyewe mto ulishalihamisha, hulioni tena. Kwa miaka sikujua kama wale kinamama walifika popote, maana migono haitoi habari kwa mtu aliyeko Kaole.

Mpaka siku moja nikapanda kwenda sokoni Bagamoyo kutafuta kitoweo. Kijana muuza samaki ana meza yake, changu huku, kambare kule. Nikachagua kambare wangu. Alipokuwa ananifungia, akainama chini ya meza kwenye ndoo, akachukua samaki mwingine bila hata kumtazama, akamtupa juu ya kambare kama nyongeza. Ukingo wa mkia mwekundu.

Nikamwuliza kwa nini ananipa huyu bure.

"Perege huyo, bibi," akasema, ameshamgeukia mteja mwingine. "Wamejaa Ruvu, hawana maana."

Ningeweza kumweleza. Ulimi ulikuwa tayari, na mnanijua. Lakini nilisimama pale na fungu langu, watu wananipita, nikamtazama yule kijana jinsi alivyofuta mikono na kuendelea na kazi yake, hajui kitu, hana wasiwasi. Nikamwambia asante, mwanangu, niongeze na mwingine.